Nyuki-bambi wa mwituni hujenga wapi, na ratiba ya kukata nyasi inawafanyaje: mfano wa Uingereza

Mkatanyasi (mleta uzi)

Wanajukwaa, salamu zenu. Nyuzi za nyuki zilizomo humu karibu zote ni za mizinga, asali na soko lake. Huu wa leo unawahusu nyuki wasiofugwa na wasiotoa asali ya kuuza, yaani nyuki-bambi wa mwituni (bumblebee kwa Kiingereza), na hasa swali ambalo hata wapenzi wa viumbe hawaliulizi mara nyingi: wanaishi wapi? Nitajikita Uingereza, kwa sababu ndiko ninakofanya kazi ya kutunza maeneo ya nyasi, na kwa sababu nyuki hawa ni wa nchi za baridi zaidi. Kusini mwa Sahara hakuna hata spishi yao moja ya asili. Yule nyuki mkubwa mweusi anayetoboa mbao za mapaa yetu huko nyumbani ni nyuki seremala, ukoo mwingine wenye desturi nyingine kabisa.

Uingereza ina spishi 24 za nyuki-bambi, zote za jenasi Bombus. Sita kati yake ni za wadoezi: malkia wao hajengi, bali huingia katika kiota cha mwingine, humuua au humtiisha malkia mwenye nyumba, kisha huwaachia vibarua wa humo kazi ya kulea watoto wasio ndugu zao. Hao nawaweka kando, kwa kuwa hatima yao hufuata ya wenyeji wao. Zinabaki spishi 18 ambazo malkia wake hutafuta mahali pa kujenga upya kila mwaka bila kurithi chochote.

Hapo ndipo wanapotofautiana na nyuki wa asali. Familia ya nyuki wa asali huvuka majira ya baridi ikiwa hai ndani ya mzinga, ikila akiba yake, lakini familia ya nyuki-bambi hufa yote kufikia vuli, kuanzia malkia mkongwe hadi vibarua na madume. Hubaki malkia vijana waliokwisha kupandwa, ambao huchimba sentimita chache ardhini, mara nyingi kwenye ukingo unaotazama kaskazini ambako jua la Januari haliwezi kuwadanganya waamke kabla ya wakati. Kuanzia mwishoni mwa Februari hadi Mei, kutegemea spishi, kila mmoja huamka peke yake, hunywa mbochi, kisha huanza kuruka chini chini akienda upande huu na ule, akitua, akipenya chini ya majani makavu na kutoka tena. Ukimwona malkia anapita karibu na ardhi kwa namna hiyo bila kujali maua, ujue anatafuta nyumba.

Akiipata, hufinyanga kikombe kidogo cha nta na kukijaza mbochi, hutaga mayai kwenye bonge la chavua, na huyaatamia kama kuku, akitetemesha misuli ya kifua ili kizazi kipate joto la takriban nyuzi 30. Kwa wiki nne hadi tano, mpaka vibarua wa kwanza watoke, hana msaidizi yeyote, na muda wote anaokaa nje kutafuta chakula kizazi kinapoa. Kwa hiyo kiota kisichotunza joto kina hatari ya kushindwa kabla hakijaanza, na vivyo hivyo kiota kizuri kilicho mbali na maua ya mwanzo wa mwaka.

Sasa tuje kwenye mahali penyewe. Nyuki-bambi hachimbi shimo la kiota na hasafiri kuleta matandiko kutoka mbali. Anategemea kazi iliyofanywa na wengine. Bombus terrestris na Bombus lucorum, ambao ni wa kawaida sana, huingia chini ya ardhi kupitia mashimo yaliyoachwa na panya wa mashambani, na wanachokitaka humo ni lile fungu la nyasi kavu na manyoya ambalo panya alilikusanya kwa ajili ya watoto wake. Bombus lapidarius, mwenye mkia mwekundu, hupenda chini ya mawe na misingi ya kuta. Bombus pratorum hachagui sana. Hata kiota cha ndege kilichoachwa kinamtosha. Bombus hypnorum, aliyeonekana nchini kwa mara ya kwanza mwaka 2001 akitokea bara la Ulaya, hukaa juu, kwenye matundu ya miti na katika visanduku ambavyo watu huvitundika kwa ajili ya ndege, na sidhani kuwa ni bahati tu kwamba yeye ameenea kwa kasi katika nchi iliyojaa visanduku hivyo.

Kisha kuna kundi ambalo ndilo hasa lililonifanya nianzishe uzi huu. Hawa ni Bombus pascuorum, ambaye bado ni wa kawaida, pamoja na jamaa zake Bombus muscorum, humilis, ruderarius na sylvarum, ambao wamepungua kwa viwango mbalimbali na baadhi yao ni adimu kweli. Aghalabu hujenga juu ya ardhi, kwenye shina la nyasi nene zilizosongamana, wakichana kuvumwani na nyasi kavu kwa taya na miguu na kuzifuma kuwa paa juu ya kizazi. Mtu anaweza kusimama kando ya kiota hicho asijue. Dereva wa mashine ya kukata nyasi naye hawezi kujua, na kisu kilichoshushwa hadi sentimita tatu hulipeleka paa, kizazi na malkia kwa pigo moja, ilhali familia ya terrestris iliyo chini ya mita hiyo hiyo ya ardhi husikia mtikisiko tu.

Takwimu zipo. Mwaka 2004 taasisi ya utafiti ya Rothamsted iliongoza uchunguzi wa viota kwa msaada wa watu wa kujitolea 719, na matokeo yalichapishwa mwaka 2008. Bustani za majumbani zilikuwa na takriban viota 36 kwa hekta. Maeneo membamba ya mashambani, yaani kandokando ya senyenge, uzio wa miti hai na kingo za misitu, yalikuwa na viota 20 hadi 37 kwa hekta, wakati misitu yenyewe na nyasi za wazi zilipata 11 hadi 15. Mtu anaweza kusema kwamba kiota cha bustanini huonekana kwa urahisi kuliko kile kilichofichwa na nyasi, nami nakubali kwamba idadi ya nyasi za wazi huenda iko chini ya hali halisi. Hata hivyo mwelekeo wake unalingana na kile ambacho Kells na Goulson walikiona walipowafuatilia malkia wanaotafuta makazi mashambani, utafiti wao ukitoka mwaka 2003: malkia walivutwa na kingo zilizoinuka na nyasi zenye mashina mazito, wala si katikati ya shamba.

Ndiyo maana historia ya ardhi ya Uingereza baada ya Vita Kuu ya Pili inawahusu moja kwa moja. Uzio wa miti uling'olewa maelfu kwa maelfu ya kilomita ili matrekta yapate mashamba makubwa. Kati ya miaka ya 1930 na 1984, England na Wales zilipoteza takriban asilimia 97 ya nyasi zake za asili zenye maua, kwa kulimwa, kutiwa mbolea au kupandwa mbegu ya aina moja. Na pale nyasi zilipobaki, utaratibu wake ulibadilika: zamani mkulima alikata mara moja, Julai, akaanika hei, leo anakata za sileji, yaani nyasi mbichi za kuvundikwa kuwa chakula cha mifugo, kuanzia Mei na kurudia mara mbili, tatu au zaidi. Kwa nyuki anayejenga juu ya ardhi Aprili na kutoa malkia wapya Agosti, ratiba ya hei ilimkuta katikati na baadhi walinusurika kwenye pembe zisizofikiwa na fyekeo, lakini ratiba ya sileji haimwachii nafasi.

Hoja yangu basi ni hii. Kampeni za kuwaokoa nyuki zimefaulu sana kuwahimiza watu wapande maua, na sina ugomvi na maua. Lakini kiota kinahitaji vitu ambavyo havipandwi wala haviuzwi dukani: nyasi za mwaka jana ambazo hazikukatwa, shimo la panya aliyehama, na miezi sita ya kutoguswa. Nimeona kingo za shamba zilizopandwa maua kwa fedha nzuri za umma, zikakatwa zote kwa siku moja mwezi Julai kwa sababu mkandarasi alikuwa na nafasi siku hiyo. Anayeamua tarehe ya kukata ana uwezo mkubwa kuliko anayenunua mbegu. Karibuni tujadiliane.

Mbishi wa Hoja

Ndugu mleta uzi, nimekusoma kwa makini, ila naona umeubebesha mzigo kiota kupita kiasi. Ushahidi mzito nilioufahamu unaelekeza kwenye chakula. Mwaka 2017 Claire Carvell na wenzake walichapisha utafiti uliotumia vinasaba kufuatilia koo zaidi ya 1,600 za nyuki-bambi kutoka vibarua wa mwaka mmoja hadi malkia wa mwaka uliofuata, na wakaona kwamba koo zilizokuwa na maua mengi ndani ya mita 250 hadi 1,000 kutoka kiotani zilikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kuendelea. Isitoshe, yule Bombus subterraneus uliyemwacha alikuwa akijenga chini ya ardhi, ambako kisu hakifiki, na bado alitoweka Uingereza. Wa mwisho alionekana Dungeness, katika pwani ya Kent, mwaka 1988, na mwaka 2000 akatangazwa kuwa ametoweka nchini. Tatizo lake lilikuwa mashine gani?

Mkatanyasi

Pingamizi lako ni la haki, na mfano wa subterraneus ndio mgumu kuliko yote. Huyo ana ulimi mrefu na alitegemea maua kama klova nyekundu, iliyokuwa ikipandwa kurutubisha udongo kabla mbolea ya viwandani haijachukua nafasi yake. Kwake yeye chakula ndicho kilichoondoka. Inashangaza kwamba spishi hiyo hiyo bado ipo New Zealand, ilikopelekwa na Waingereza karne ya 19 ili ichavushe klova, na jitihada ya kuirudisha Kent kwa malkia kutoka Sweden, iliyoanza kuwaachia mwaka 2012, haikuacha familia zinazojiendeleza.

Lakini tazama tena huo umbali wa utafiti wa mwaka 2017. Unapimwa kutoka wapi? Kutoka kiotani. Utafiti mwingine wa vinasaba wa mwaka 2005, uliofanywa na Knight na wenzake, ulikadiria kwamba vibarua wa pascuorum walikwenda hadi mita 449 na wa terrestris hadi mita 758. Maua yaliyo kilomita mbili kutoka kwenye ukingo wa nyasi nene ni maua ya nyuki wengine. Mimi sisemi kwamba nyumba inashinda chakula. Nasema kwamba vikitenganishwa vyote viwili havina faida, na kwamba kwa wale wanaojenga juu ya ardhi mkataji anaweza kuharibu vyote viwili kwa kupita mara moja, kwa kuwa shina la nyasi na ua la klova viko kwenye ukingo ule ule. Kwa terrestris nakubaliana nawe moja kwa moja. Mashimo ya panya hayajaisha.

Mchunga wa Milimani

Nafanya kazi kwenye shamba la kondoo huko Wales ya kati, na sijawahi kuona mashine ya kukata nyasi kwenye malisho yetu, ila nyuki hawa pia siwaoni isipokuwa kandokando ya barabara. Je, ndugu, kondoo nao wanahesabiwa kuwa ni mashine?

Mkatanyasi

Mkuu, kondoo wengi ni mashine isiyopumzika. Kondoo huchuma karibu na ardhi kwa midomo myembamba, na huanza na maua na machipukizi laini, kwa hiyo malisho yaliyojaa kondoo mwaka mzima hubaki kama zulia: hayana shina nene la kujengea wala klova iliyofikia kutoa ua. Ng'ombe ni tofauti kidogo. Yeye huzungusha ulimi kwenye nyasi na kuzing'oa, huacha zile ngumu na zile zilizo karibu na kinyesi chake, na matokeo yake ni malisho yenye vimo tofauti, hapa fupi, pale nene. Wachache kwa eneo kubwa, kwa majira machache ya mwaka, mara nyingi huwafaa nyuki kuliko kuacha ardhi bila mnyama kabisa, kwa sababu ardhi iliyotelekezwa miaka mingi hugeuka vichaka na maua hupotea.

Mfano mzuri uko Scotland, kwenye visiwa vya Hebrides, ambako nyanda za mchanga wa pwani zinazoitwa machair hulishwa mifugo majira ya baridi na kuachwa zitoe maua kiangazi. Huko, pamoja na Orkney na pwani ya kaskazini kabisa ya bara la Scotland, ndiko kumebaki ngome ya Bombus distinguendus, nyuki-bambi wa njano aliyekuwa zamani akionekana sehemu nyingi za Uingereza. Wakulima wadogo wa visiwani hawakupanga kumhifadhi. Ratiba yao ya mifugo ndiyo iliyomhifadhi. Kuhusu barabara, umeona sawasawa: kwenye wilaya yenye kondoo kila mahali, ukingo wa barabara ndio sehemu pekee ambayo senyenge imeizuilia meno yao.

Bibi wa Mboji

Wanangu, mimi nina kipande cha bustani ya kukodi mjini Leicester. Mwezi huu wa Juni nimegundua kwamba kuna nyuki wanaingia na kutoka kwenye lundo langu la mboji, wanene, wenye mikia myeupe. Jirani ananiambia nimwite mtu wa kupulizia dawa kabla hawajaenea bustani nzima. Nifanyeje?

Mkatanyasi

Shikamoo Bibi. Usimwite mtu wa dawa. Lundo la mboji lina joto, ni kavu kwa ndani na mara nyingi panya ameshapita humo, kwa hiyo kwao ni nyumba nzuri sana. Hawataenea, kwa sababu familia moja haigawanyiki na kuhama kama nyuki wa asali wanavyofanya; itakua hadi vibarua kadhaa, pengine mia mbili au tatu, kisha itakwisha yenyewe mwishoni mwa kiangazi au vuli. Kiota hicho hakitatumika tena na familia hiyo mwakani. Jambo la kuacha kwa sasa ni kuligeuza lile lundo: anza lundo la pili pembeni, na hili utalifungua Oktoba au Novemba.

Wanaweza kuuma, na uma wao hauna vimiba vya kunasa, kwa hiyo mmoja anaweza kuuma zaidi ya mara moja. Ila hawaumi wakiwa mauani, huuma kiota kikitikiswa au kikipuliziwa pumzi. Kama kuna mtu wa familia mwenye mzio wa sumu ya nyuki, weka kizuizi kidogo ili asipite mbele ya mlango wao. Vinginevyo, maboga na maharage yako yatanufaika.

Kijana wa Kozi

Nasoma kilimo huku Shropshire, na nina maswali mawili kwa mtoa mada. La kwanza: darasani tuliambiwa kwamba Charles Darwin, mwaka 1859, aliandika kuwa panya ndio adui wakubwa wa nyuki-bambi, na kwamba penye paka wengi panya hupungua na klova nyekundu hustawi. Wewe unasema panya ndiye mjenzi wa nyumba zao. Nani mkweli? La pili: je, visanduku vya viota vinavyouzwa madukani vinasaidia?

Mkatanyasi

Wote wawili ni wakweli, ndugu yangu. Darwin alinukuu makadirio ya mtu aliyefuatilia viota muda mrefu, kwamba zaidi ya theluthi mbili ya viota England viliharibiwa na panya, na kwamba karibu na vijiji, ambako paka ni wengi, viota vilikuwa vingi zaidi. Panya hula kizazi na akiba, hasa kabla vibarua hawajawa wengi wa kulinda. Panya yule yule akihama, huacha shimo lenye matandiko. Kwa hiyo ardhi inayowafaa nyuki ni ile ambayo panya huongezeka na kupungua, na hali hiyo hupatikana kwenye nyasi nene zenye bundi, vicheche na mbweha. Ukingo uliokatwa mfupi hauna panya, na hivyo hauna mashimo mapya. Maadui wengine wapo pia: baja, mnyama wa usiku wa jamaa moja na nyegere wetu, hufukua kiota kizima, na nondo wa nta aitwaye Aphomia sociella huingia kutaga na viwavi wake hutafuna masega, hasa kwenye viota vya bustanini na vya juu ya ardhi.

Kuhusu visanduku, pesa yako itafaa zaidi kwa mambo mengine. Frederick Sladen, aliyechapisha kazi yake mwaka 1912, alifaulu kuwavuta malkia kwenye makazi ya kutengeneza aliyoyafukia ardhini, na tangu hapo watu wengi wamejaribu. Lakini watafiti wa Chuo Kikuu cha Stirling walipojaribu mamia ya makazi ya miundo mbalimbali kwenye bustani na mashamba, ni takriban asilimia 3 tu yaliyopata wapangaji. Kipande cha bustani usichokigusa kinafanya kazi ile ile bure. Watafiti hao hao, nadhani mtapenda kusikia, waliwahi kufunza mbwa kunusa viota, na ulinganisho waliouchapisha mwaka 2012 ulionyesha kwamba mbwa hakuwapita watu waliokaa na kutazama ardhi kwa utulivu.

Mbishi wa Hoja

Nakubali sehemu kubwa ya majibu yako, ila bado napata shida na jambo moja la utekelezaji. Mkulima haishi kwa nyuki-bambi. Akiambiwa aache nyasi zote hadi Oktoba, atakosa sileji, na mwakani hatasikiliza ushauri wowote.

Mkatanyasi

Na mimi simwambii aache zote. Sileji yake iko katikati ya shamba, na tumeshaona kwamba viota vingi viko pembeni. Kinachohitajika ni ukanda wa pembeni, na kwa England sheria imeanza kuelekea huko: kanuni za uzio wa miti za mwaka 2024 zinakataza kukata uzio wa shambani kati ya 1 Machi na 31 Agosti, isipokuwa kwa sababu maalumu, na zinataka ukanda wa mita mbili kutoka katikati ya uzio usilimwe wala kutiwa mbolea au dawa, ingawa mashamba madogo ya hekta mbili au chini yake hayabanwi na sharti hilo la ukanda. Kanuni zilitungwa kwa kufikiria zaidi ndege, lakini ukanda huo ni makazi ya nyuki-bambi pia, mradi mkulima asiunyoe Juni kwa ajili ya unadhifu.

Unadhifu huo, kwa maoni yangu, ndio adui asiyetajwa. Moja ya ngome za Bombus sylvarum, spishi adimu inayojenga juu ya ardhi, ni Canvey Wick kwenye mlango wa mto Thames, mahali palipomwagiwa mchanga ili pajengwe kiwanda cha kusafisha mafuta ambacho hakikufanya kazi hata siku moja. Pikipiki, moto wa mara kwa mara na kutelekezwa viliacha mchanganyiko wa udongo mtupu, maua na nyasi nene, na mwaka 2005 pakatangazwa kuwa eneo la hifadhi ya kisayansi. Salisbury Plain nako, ambako jeshi limezuia kilimo cha kisasa kwa zaidi ya miaka mia moja, kumebaki spishi zilizotoweka kwenye mashamba ya jirani. Sehemu zote mbili hazikuwa na mtu wa kuzipamba.

Mchunga wa Milimani

Mkuu, nimemwonyesha mwenye shamba uzi huu kwa kumtafsiria. Ana ukingo mrefu wa mteremko ambao kondoo hawaupandi vizuri, na yuko tayari kuuzungushia senyenge. Anauliza aukate lini, mara ngapi, na kwa kimo gani. Ametaka jibu fupi.

Mkatanyasi

Mwambie augawe vipande vitatu na kukata kipande kimoja tu kila mwaka, ili wakati wote kuwe na nyasi za mwaka mmoja na za miaka miwili zilizosimama. Akate mwishoni mwa Septemba au Oktoba. Bombus pascuorum huweza kuwa bado kiotani Septemba, kwa hiyo akisubiri Oktoba ni bora zaidi, mradi ardhi haijalowa kiasi cha trekta kuichimba. Kisu kisishuke chini ya sentimita kumi. Nyasi zilizokatwa aziondoe, kwa sababu zikioza hapo zitarutubisha udongo, na udongo wenye rutuba nyingi hukuza nyasi za nguvu zinazofunika klova na maua mengine. Akiwa na mahali, azirundike kwenye kona moja ya juu, nalo rundo hilo linaweza kupata panya na kisha malkia. Asiweke mbolea kwenye ukingo huo. Upande wa mteremko unaotazama kaskazini asiuchimbe wala kuupitishia trekta majira ya baridi, maana malkia wanaweza kuwa wamelala humo.

Kama anataka pia ng'ombe wachache waingie, awaingize baada ya kukata, Oktoba hadi Desemba, na awatoe kabla malkia hawajaanza kutafuta nyumba mwezi Machi. Wewe mwenyewe, ukipata nafasi ifikapo Aprili asubuhi yenye jua, pita kwenye kipande ambacho hakikukatwa na uhesabu malkia wanaoruka chini chini, kisha fanya vivyo hivyo kwenye malisho ya kondoo yaliyo upande wa pili wa senyenge, utuletee idadi zote mbili hapa.